Mjomba, kuhusu hewa ya Delhi na mtoto kuja kusoma huku

Shikamoo mjomba, na shikamooni wakubwa wote wa Masasi mliomo kwenye grupu. Mjomba ameuliza: wanunuzi wa korosho wamemwambia hewa ya Delhi inafupisha umri, je ni kweli au ni maneno ya mnadani tu? Na binti yake aje kusoma huku au asije? Nitajibu bila kuficha, maana wengi tulioko nje tunawatumia picha za maghorofa, halafu tunanyamaza.

Ni kweli, mjomba.

Mwezi wa kumi, minada ya korosho ikianza huko, huku ndiyo moshi unaingia. Wakulima wa Punjab na Haryana, majimbo ya kaskazini mwa India, wakishavuna mpunga wanabakiwa na wiki chache tu za kupanda ngano, kwa hiyo wanachoma mabua. Siwalaumu. Hata sisi tunachoma mashamba kabla ya mvua, na mashine ya kuyalima mabua yakaingia ardhini si ya mtu wa hali ya chini. Lakini moshi wao unaukuta mwingine: wa magari, wa mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe, wa matanuri ya matofali, na juu yake vumbi la ujenzi. Kaskazini milima ya Himalaya imeziba, upepo wa majira ya baridi hauna nguvu, na hewa baridi inalala chini huku ya joto ikiikalia. Tambarare yote, toka Pakistan mpaka Bangladesh, inakuwa kama chungu kilichofunikwa kawa. Ndiyo maana kuhama mtaa hakusaidii. Mimi naishi Noida, pembeni ya Delhi, na nikienda Ghaziabad au Gurugram navuta hewa ile ile.

Kinachoumiza zaidi ni kile kisichoonekana. Ni chembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, ambazo pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinapenya kwenye damu. Hivyo habari si kikohozi na pumu peke yake. Ni mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. (Chembe hizi hizi zinatoka kwenye kuni za jikoni kwa bibi. Naomba sana ule mtungi wa gesi utumike, usiwekwe kwa ajili ya wageni.)

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka chembe hizo zisizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Delhi inazunguka kwenye 90 hadi 100. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika ripoti zao za miaka ya karibuni, wamekadiria kwamba mkazi wa Delhi anapoteza kati ya miaka 7 na 12 ya umri wake, akilinganishwa na anayevuta hewa inayofikia kipimo hicho. Huo ni wastani, mjomba. Wapo wazee wa miaka 90 hapa. Lakini mwaka 2019 pekee, vifo vilivyohusishwa na hewa chafu India nzima vilikadiriwa kufika milioni 1.67.

Mwezi wa kumi na moja shule zinaweza kufungwa na ujenzi ukasimamishwa. Mwenye uwezo anafunga madirisha na kuwasha mashine ya kusafisha hewa. Mlinzi wa geti letu hana dirisha la kufunga. Anakaa nje usiku kucha, na baridi ikizidi anawasha takataka ili aote moto. Ana mafua yasiyokwisha, na watoto wake wanalala chumba kilicho ukingoni mwa barabara ya malori. Linaniuma sana jambo hili, kwa sababu hewa inagawanywa kwa mfuko wa mtu. Na si lazima iwe hivi: China ilianza kubana viwanda na makaa ya mawe mwaka 2013, na kufikia 2021 chembe hizo zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 40.

Sasa kuhusu binti. Ana pumu tangu mdogo, nakumbuka alivyokuwa anabanwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kwa hali hiyo, Delhi hapana, wala mji wowote wa tambarare hii, hata chuo kikimpa punguzo la ada. Mgonjwa wa kifua au moyo anayeletwa India kutibiwa naye, kama daktari anaruhusu kuchagua, asiletwe Delhi kati ya Novemba na Januari.

Kama moyo wake uko India, atafute kusini: Chennai, Bengaluru au Kochi. Huko nako hawajafikia kipimo, ila chembe ni kama theluthi ya za huku. Nitumie majina ya vyuo alivyoomba kabla hujalipa chochote, niangalie viko miji gani. Na aje na dawa yake ya kuvuta ya kutosha miezi mitatu, pamoja na cheti cha daktari.