Kebo Mbili Kwenye Njia Moja ni Kebo Moja

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mawasiliano kwenye mgodi wa chini ya ardhi, habari ya kasi ya Wi-Fi iache kwanza. Anza kuuliza mawimbi yanafikaje juu, maana mwamba huyameza. Redio ya mkononi ikipita kona mbili za handaki, sauti imekwisha.

Ndiyo maana migodi mingi bado inategemea kebo inayovujisha mawimbi. Ganda lake la nje la shaba limeachwa matundu makusudi, redio za VHF (masafa ya redio za mkononi) zinaongea kupitia humo, na kila mita 350 hadi 500 hivi hufungwa amplifaya ya kuyarudishia mawimbi nguvu. Wi-Fi na LTE (mtandao wa simu wa 4G) nazo zinaishia kwenye faiba, kebo ya nyuzi za kioo, inayopanda juu. Yaani kila kisicho na waya kinaning'inia kwenye waya.

Mgodi mmoja niliofanyia kazi ulikuwa na faiba mbili, ya kazi na ya akiba. Kwenye mchoro wa ofisini zilipendeza. Kumbe zote zilishuka njia moja ya magari, zimefungwa kwenye bolti zilezile. Siku hiyo lori lilitoka kumwaga mawe, likarudi chini bodi ikiwa bado imeinuka, na mita chache tu baada ya mlango likazing'oa zote mbili. Hakuna aliyeumia. Lakini kwa karibu saa tatu nilisimama mbele ya ubao wa vitambulisho, unaoonyesha nani yuko chini, nikitazama majina ya wenzangu walioko chini bila kuweza kumwita hata mmoja.

Kwa hiyo faiba ya pili ipitishe kwenye shimo la hewa au tundu lililochorongwa, na huko juu iingie jengo lingine lenye umeme wake. Pale mgodi wa San José, Chile, ulipoporomoka mwaka 2010, wachimbaji 33 walikaa chini siku 17 bila kusikika. Tundu jembamba la kuchoronga ndilo lililowashushia simu.

Betri za akiba zipime kwa kuzima umeme kweli. Na usiwashe redio karibu na mwamba uliokwisha kutegwa fataki za umeme (viwashio vya baruti) kabla ya kuruhusiwa na fundi baruti.

Wiki yako ya kwanza, omba mwenyeji akutembeze kwa miguu, mfuate kila kebo kuanzia chini hadi juu, uchore mwenyewe ulichokiona.