Baridi, tangawizi na siku zangu: niliyoyachukua China na niliyoyaacha huko

Nanjing, mji wa China nilikosoma, iko kusini mwa mto Huai, na China mifumo ya kupasha joto majengo ya mji mzima ni ya kaskazini mwa mto huo. Kwa hiyo Januari sisi wanafunzi tulilala na soksi, sweta na kofia. Maumivu ya hedhi niliyoyajulia kwenye ile baridi yenye unyevu sikuwahi kuyapata Dar. Mama aliyesimamia bweni letu alijifanya mzazi wangu: kama niko kwenye siku zangu, simpiti mlangoni na soda ya barafu mkononi.

Tiba ya jadi ya Kichina inasema baridi huzuia damu kutembea, na damu iliyokwama ndiyo inayouma. Nadharia hiyo siitetei. Ila joto juu ya tumbo limefanyiwa utafiti, na wanawake wengi linawapunguzia maumivu kweli. Nunua ule mfuko wa mpira wa maji ya moto, uviringishe kwenye khanga usikuunguze, ukae nao chini ya kitovu. Gharama yake ni ndogo na hauna cha kuingiliana na dawa zako.

Kinywaji chao ni tangawizi iliyopondwa, sukari nyekundu yenye ladha ile ile ya sukari guru, na tunda jekundu lililokaushwa ambalo wengi wetu huliita tende ya Kichina. Kwa ukoo ni ndugu wa kunazi zetu za Pwani. Mimi huanza kukinywa tumbo linapoanza kuvuta. Kinanituliza, basi. Ila mwenye kisukari akumbuke kuwa guru nayo ni sukari.

Wakikwambia lile tunda linaongeza damu, usiwategemee. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo. Kama unatoka damu nyingi kila mwezi, nenda ukapime hemoglobini, yaani wingi wa damu: kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Maini, dagaa na maharage yaliyokamuliwa ndimu vitakusaidia zaidi, na pengine daktari atakupa vidonge vya chuma.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi wanavyoishi na majira. Mwaka wao wameugawa vipindi 24 kwa kufuata jua, na kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, kinashauri majira ya baridi mtu alale mapema na aamke jua likishatoka. Kiangazi wanachemsha choroko na sukari kidogo na kunywa maji yake kupoza mwili. Choroko! Sisi tunazijua kwa nazi tu.

Dar hatuna theluji, kwa hiyo kuiga kalenda yao siku kwa siku ni kujisumbua. Nimechukua ile tabia ya kuuliza hali ya hewa inataka nini. Joto la Februari nakunywa maji ya choroko na kuacha mazoezi ya mchana. Kipupwe kikija narudi kwenye supu, na malapa ndani ya nyumba, maana Wachina hawataki kabisa mwanamke akanyage sakafu ya baridi akiwa kwenye hedhi. (Ushahidi sina. Malapa navaa.)

Mitishamba ndiyo niliyoiacha huko. Mzizi wa dang gui, unaosifiwa kwa mambo ya wanawake, unaweza kuzidisha kutoka damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mmea wa yimucao huchochea kizazi kujikaza, kwa hiyo mwenye mimba, au anayehisi huenda anayo, asiiguse. Na mchanganyiko usio na lebo ni kamari: mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliomeza vidonge vya kupunguza uzito vyenye mmea wa Kichina wa jamii ya Aristolochia waliharibika figo. Maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi, au pedi inayolowa ndani ya saa moja, ni ya daktari wa wanawake. Huenda ni fibroidi (uvimbe kwenye kizazi) au endometriosisi (tishu kama za utando wa kizazi kuota nje yake), na tangawizi haifiki huko.

Kuhusu uzazi, mwezi wao wa kukaa ndani baada ya kujifungua ungemfurahisha bibi yangu, maana ni arobaini yetu iliyofupishwa: supu za moto, mama mkwe jikoni, mzazi hagusi maji ya baridi. Mapumziko na watu wa kukupikia, pokea vyote. Kufunga madirisha kwenye joto na kukaa bila kuoga, kataa kwa adabu. Maji ya kukandwa yawe ya uvuguvugu, hasa kama una mshono. Na homa, damu inayozidi badala ya kupungua, au kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, hayo hayasubiri arobaini iishe. Unapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama wazee wamesema mzazi hatoki nje.