Re: Kisa cha hekalu la Rameswaram, na je, mgeni anaruhusiwa kuingia?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini katika hekalu la Rameswaram, kusini mwa India, kuna lingamu mbili, yaani nguzo fupi zinazomwakilisha mungu Shiva. Kisa chenyewe ni hiki: Rama, mungu wa Kihindu, alipotoka kisiwa cha Lanka baada ya kumuua Ravana, mfalme wa mashetani aliyemteka mkewe Sita, alitaka kujitakasa, maana Ravana, pamoja na uovu wake wote, alikuwa Brahmini, wa tabaka la makuhani, na kumuua mtu wa tabaka hilo ni dhambi kubwa. Akamtuma Hanuman, mungu-nyani, mlima Kailash akalete lingamu ya Shiva. Hanuman akachelewa, saa njema ya ibada ikakaribia kupita, basi Sita akafinyanga lingamu kwa mchanga wa pwani. Hanuman kufika na yake, akanuna! Inasemwa alijaribu kuing'oa ile ya mchanga kwa mkia, isitikisike. Rama akamtuliza: hii uliyoileta itaabudiwa kwanza. Na ndivyo inavyofanyika hadi leo. Mimi hapo ndipo hadithi inaponinogea, kumbe hata miungu hubembelezana.

Kufika: nenda mji wa Madurai, kisha basi au treni hadi kisiwa cha Pamban, lilipo hekalu. Mahujaji huoga baharini, halafu humwagiwa maji ndoo kwa ndoo kwenye visima 22 ndani ya hekalu. Beba nguo kavu, kwani ukilowa huingii patakatifu. Kama si Mhindu, patakatifu penyewe hupaingii, ila ushoroba wenye nguzo zaidi ya 1,200 unatosha kukushika mdomo wazi. Viatu na simu unaviacha nje. Mchana hufungwa, kwa hiyo wahi alfajiri.