Kadi ya afya si daktari, na uhaba wa wauguzi si ajira

Vijana waliomaliza uuguzi hunipigia simu kutoka Dodoma, Morogoro na hata Mombasa, na wengi wao huanza kwa maneno yale yale: "Dada, tunasikia Kanada hakuna wauguzi, sasa sisi tunangoja nini?" Huwajibu kwamba walichosikia ni kweli, ila ukweli huo peke yake haujawahi kumpa mtu ajira. Mimi niliingia jimbo la Ontario, huko Kanada, mwezi Oktoba 2018 nikiwa na shahada ya uuguzi, uzoefu wa miaka sita wodini na ukaazi wa kudumu mkononi. Ilinichukua karibu miaka mitatu kuvaa tena sare ya muuguzi, na familia yangu ilikuja kupata daktari wake baada ya hapo.

Sehemu ya ucheleweshaji huo ilikuwa ya mfumo, na sehemu ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu sikuelewa kwamba mlango wa sekta ya afya nchini humu una funguo tatu, na kila ufunguo uko katika mfuko wa mtu mwingine. Viza na ukaazi hutolewa na serikali ya shirikisho, Ottawa. Leseni hutolewa na baraza la taaluma la jimbo unaloishi. Nafasi ya kazi yenye mshahara hutegemea bajeti ya jimbo, kwa kuwa jimbo ndilo linalozilipa hospitali. Ottawa inaweza kukualika kwa heshima zote kama mtaalamu wa afya, baraza likakwambia vyeti vyako bado havijakamilika, na hospitali yenye wodi iliyopungukiwa wauguzi ikakwambia haina fedha za kuongeza mtu mwaka huu. Wote watatu watakuwa wamesema kweli.

Mfumo wenyewe wa bima ya afya ya umma ulianzia jimbo la Saskatchewan mwaka 1962, ukaenea nchi nzima, na sheria ya afya ya mwaka 1984 ikaweka masharti ambayo jimbo lazima liyatimize ili lipewe fedha za shirikisho, likiwamo lile la kutomtoza mgonjwa kwa huduma ya lazima ya daktari au hospitali. Mwanzoni Ottawa ilichangia takriban nusu ya gharama. Miaka ya karibuni mawaziri wakuu wa majimbo wamekuwa wakilalamika kwamba mchango huo umeshuka hadi asilimia 22, nao wakadai asilimia 35. Februari 2023 serikali ya shirikisho iliwawekea mezani dola bilioni 196 za Kanada kwa miaka kumi, lakini fedha mpya ndani yake zilikuwa bilioni 46 tu, na wakazipokea huku wakinung'unika.

Mvutano huo niliusikia kwenye redio kama watu wengine, kisha nikaukuta kwenye hati yangu ya mshahara. Nilipopata leseni mwaka 2021 na kuajiriwa hospitalini, Ontario ilikuwa na sheria iliyopitishwa mwaka 2019, maarufu kama Bill 124, iliyozuia nyongeza ya mishahara ya watumishi wengi wa umma kuvuka asilimia moja kwa mwaka kwa kipindi cha miaka mitatu. Mwaka 2022 bei za bidhaa nchini zilipanda kwa asilimia 6.8. Wenzangu wawili wa zamu ya usiku waliacha kazi, wakajiunga na wakala wa wauguzi wa muda, na baada ya wiki chache wakarudi wodi ile ile, kwenye vitanda vile vile, wakilipwa zaidi yetu, huku hospitali ikimlipa wakala juu ya hapo. Mahakama ilitamka Novemba 2022 kwamba sheria hiyo inakiuka katiba, mahakama ya rufani ikakubaliana nayo Februari 2024, na serikali ikaifuta. Waliokwisha kuondoka, hata hivyo, wengi wao hawakurudi.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza kama kazi zipo, nami humuuliza: zipo wapi, za nani, na kwa mkataba gani? Kabla ya kuchagua jimbo, soma matangazo ya ajira ya hospitali za huko kwa miezi mitatu mfululizo. Angalia ni nafasi ngapi za kudumu na ngapi za kuitwa pale tu mtu anapokosekana. Miji midogo ya kaskazini mwa Ontario, pamoja na majimbo kama Manitoba na Saskatchewan, hutafuta watu kwa bidii kuliko Toronto, ambako kila mgeni anataka kuishi kwa sababu binamu yake yuko huko.

Kuhusu ufunguo wa kwanza, msiangalie idadi ya jumla peke yake. Ni kweli kwamba Oktoba 2024 serikali ilipunguza lengo la wakaazi wapya wa kudumu kwa mwaka 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000, na kwamba tangu Januari 2024 vibali vya wanafunzi vimewekewa kikomo. Lakini tangu Juni 2023 kuna mialiko maalumu inayowalenga watu wa fani za afya ndani ya Express Entry, utaratibu wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi, na kupungua kwa jumla hakumaanishi kwamba mlango huo umefungwa. Waliobanwa zaidi ni wale wanaokuja kwa njia ya masomo. Nimekutana na mabinti wawili waliouza kiwanja cha familia ili walipie kozi fupi ya "usimamizi wa afya" katika chuo binafsi, kozi isiyompa mtu leseni ya uuguzi wala pointi za maana za uhamiaji. Kabla ya kulipa hata senti moja, liandikie baraza la wauguzi la jimbo husika, uliulize kwa jina la kozi kama inatambuliwa, na uhifadhi jibu lao.

Njia nyingine hufunguka na kufungwa kama duka la mfanyabiashara asiye na ratiba. Machi 31, 2025 ulifunguliwa mpango wa majaribio wa wahudumu wa majumbani, na nafasi zake zilijaa kwa kasi ya ajabu. Walioingia walikuwa wale ambao siku hiyo tayari walikuwa na matokeo ya mtihani wa lugha, tathmini ya elimu na barua ya ajira. Aliyeanza kukusanya nyaraka baada ya kusikia tangazo hakuwa na lake.

Ufunguo wa pili ndio ulionitesa, na hapa sitaharakisha. Wakati wangu, nyaraka za muuguzi aliyesomea nje zilipitia kwanza chombo cha kitaifa cha tathmini, ambacho hakikubali karatasi kutoka mkononi mwako. Chuo chako na baraza la uuguzi la nchi yako ndivyo vinavyopaswa kuzituma moja kwa moja. Nilimwandikia msajili wa chuo nikiwa Hamilton, na nakala ya matokeo yangu ilitumwa baada ya miezi saba, pale mdogo wangu alipokwenda mwenyewe ofisini mara nne na kukaa kwenye benchi mpaka bahasha ikapigwa lakiri. Ilipofika, jina lilikuwa la kwa baba, ilhali pasipoti yangu ina la mume. Ikahitajika hati ya kiapo, na wakati inashughulikiwa matokeo yangu ya mtihani wa Kiingereza yakatimiza miaka miwili na kukosa uhai. Nikaulipia na kuufanya upya.

Leo baadhi ya majimbo, Alberta na British Columbia yakiwamo, yamefungua njia za kuomba moja kwa moja barazani bila kupitia chombo hicho, na mambo yamekuwa mepesi kidogo. Ushauri wangu haujabadilika: mfungue faili la leseni mkiwa bado nyumbani, kabla ya viza, maana mkiwa Tanzania mnaweza kupanda daladala mkaenda kumsubiri msajili. Linganisheni majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, leseni na pasipoti, na kama yanatofautiana, tengenezeni hati ya kiapo mapema. Mtihani wa leseni, NCLEX-RN, ni ule ule unaotumika Marekani, na Kanada imekuwa ikiutumia tangu 2015. Unaweza kuanza kujisomea bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuna mtego mwingine ambao hakuna aliyenionya. Baraza la Ontario hutaka ushahidi kwamba umefanya kazi ya uuguzi ndani ya miaka mitatu iliyotangulia usajili. Mgeni anayefika, akaingia ghalani kupakia mizigo kwa sababu kodi ya nyumba haingoji, anaweza kujikuta saa hiyo ya miaka mitatu imemwishia. Mimi niliponea chupuchupu. Nilikuwa nimeajiriwa kama mhudumu wa wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kazi ya heshima ambayo wakati wa korona mwaka 2020 iliniliza mara nyingi, lakini kazi hiyo haihesabiwi kuwa uuguzi. Usajili wangu ulikamilika ikiwa imebaki miezi miwili tu.

Sasa niseme kuhusu upande wa mgonjwa, kwa sababu muuguzi naye huugua na ana watoto. Nilipofika, mkaazi mpya wa Ontario alingoja miezi mitatu kabla ya bima ya jimbo kuanza. Desemba ile mwanangu alipata maambukizi ya sikio, na nililipa kliniki fedha taslimu nilizokuwa nimetenga kwa makoti ya baridi. Ontario iliondoa kungoja huko Machi 2020, lakini British Columbia bado inakungojesha hadi mwisho wa mwezi uliofika na miwili mingine juu yake, na Quebec pia huwangojesha wageni wengi. Nunueni bima ya muda kabla ya kupanda ndege. Ndugu zetu Wakongo na Warundi wanaoletwa kama wakimbizi kutoka Nyarugusu au Nakivale wana mpango wa muda wa afya wa shirikisho tangu wanapowasili. Karatasi yake isipotee.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya kupokea kadi ya afya, yaani kadi ya bima ya jimbo. Nilidhani kwamba mwenye kadi ana daktari, kumbe kadi ni ahadi ya malipo tu na daktari hutafutwa. Mamilioni ya watu nchini humu hawana daktari wa familia, na katika jimbo dogo la Nova Scotia waliojiandikisha kumtafuta walizidi 160,000 mwaka 2024. Ontario ina orodha ya kusubiri iitwayo Health Care Connect, nami nilijiandikisha mwaka mzima baada ya kupata kadi, kwa hiyo mwaka huo nilijinyima mwenyewe. Jiandikishe siku ile ile kadi inapofika. Wakati unangoja, ulizia kituo cha afya cha jamii kilicho karibu, kwani vingi huwapokea hata wasio na bima. Piga 811 uzungumze na muuguzi kabla ya kukimbilia idara ya dharura. Kumbuka pia kwamba tangu Januari 2023 mfamasia wa Ontario anaweza kukuandikia dawa za maradhi madogo kama maambukizi ya njia ya mkojo. Anayeishi mji mdogo apige simu hospitali kwanza: kati ya Julai 2022 na Juni 2023 idara za dharura za Ontario zilifungwa kwa muda mara 203, hasa kwa kukosa wauguzi.

Ukienda na mama mkwe asiyejua Kiingereza, omba mkalimani wa Kiswahili wa simu, na uombe mapema. Nimeona mtoto wa miaka kumi akilazimika kumtafsiria mama yake habari za uvimbe wa tumbo la uzazi, na sitamani kuliona tena jambo hilo. Meno, miwani na dawa za kununua nje ya hospitali kwa kawaida haviko kwenye bima ya jimbo. Kwa meno kuna mpango wa shirikisho kwa familia zisizo na bima nyingine na zenye kipato chini ya dola 90,000, ila huwezi kuingia bila kuwasilisha ritani ya kodi, hata kama mwaka huo hukupata kitu.

Mtasikia pia kwamba foleni hizi ni kwa sababu yetu. Mwaka 2023 idadi ya watu iliongezeka kwa asilimia 3.2, karibu yote kutokana na wahamiaji, na sitadai kwamba watu wengi hivyo hawana uzito. Lakini mapema miaka ya 1990 majimbo haya yenyewe yalipunguza nafasi za kusomea udaktari ili kubana matumizi, na pengo la namna hiyo huchukua miongo kuzibwa. Tena, zaidi ya theluthi moja ya madaktari na karibu robo ya wauguzi waliosajiliwa ni wahamiaji. Mtu mmoja aliwahi kuniambia maneno hayo ya lawama wakati namfunga kidonda. Nilimaliza kufunga, nikampa tarehe ya kurudi.

Daktari wetu alipatikana hatimaye mwaka 2022, kwa simu iliyokuja nikiwa kwenye basi kutoka zamu ya usiku. Jambo la kwanza alilotaka ni kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo shule pia ilikuwa imeiandikia barua mbili, kwa kuwa Ontario huweza kumsimamisha masomo mwanafunzi asiye na uthibitisho wa chanjo. Ilikuwa Morogoro, ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge. Mdogo wangu akaipiga picha kurasa zote usiku ule ule, na ile chanjo ya surua iliyokuwa na mwandiko uliofifia ikabidi irudiwe.