Kabla hujagonga muhuri: kwa wakili kijana anayeanza kazi za ardhi na biashara Dar

Kila mawakili wapya wanapoapishwa, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wenye swali moja: "Dada, nataka kufanya ardhi na biashara. Nianzie wapi?" Nimezoea kuwajibu kwa mkato, mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya magari pale Morocco, Kinondoni, halafu jioni najilaumu kwamba sikuwaambia jambo lenyewe. Leo naandika kwa utulivu, na sina budi kuanza na kosa langu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili tangu nile kiapo. Mteja wangu alikuwa mzee mstaafu aliyetaka kununua nyumba Tabata kwa fedha ya kiinua mgongo. Muuzaji alikuwa na hati. Nilikwenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, majibu yakatoka safi: jina ni lake, hakuna rehani, hakuna zuio, kodi ya pango la ardhi imelipwa. Nikaandaa mkataba wa mauziano. Ikabaki ridhaa ya mke, kwa sababu ile ilikuwa nyumba ya familia, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba wanayoishi bila mwenzake kukubali.

Siku ya kusaini, dalali alikuja na mama mmoja mpole, amevaa kitenge, mkononi ana cheti cha ndoa na kitambulisho cha mpiga kura. Akasaini kiapo cha ridhaa. Nami nikagonga muhuri wangu wa kamishna wa viapo chini ya yale maneno ambayo sote tunayajua kwa kichwa: kwamba mwapaji ametambulishwa kwangu na fulani, ambaye namfahamu binafsi. Fulani huyo alikuwa dalali. Nilikuwa nimemfahamu kwa wiki tatu.

Baada ya miezi miwili mzee alikwenda Tabata na fundi rangi. Geti lilifunguliwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Ndiye mke. Alikuwa Songea akimuuguza mama yake, na hakuwa na habari kwamba nyumba yake imeuzwa.

Mama yule alifungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee wangu akanigeukia, kama ilivyo kawaida, nikamtetee. Sikuweza. Kiapo kilichokuwa kinabishaniwa kilikuwa na muhuri wangu na saini yangu, na wakili hawezi kuwa shahidi na wakili katika shauri lile lile. Nilisimama kizimbani nikaulizwa: "Wakili msomi, uliandika kwenye kiapo kwamba unamfahamu binafsi aliyemtambulisha. Anaitwa nani baba yake? Anaishi wapi?" Sikuwa na jibu hata moja.

Shauri lile lilichukua miaka saba. Mwanzoni mama alishinda, mzee akakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 za kisheria, na huko mwenendo wote ukafutwa kwa sababu maoni ya wazee wa baraza, wanaoketi na mwenyekiti kusikiliza shauri, hayakusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zote mbili. Tukarudishwa mwanzo. Mama aliposhinda mara ya pili, mzee alikuwa amechoka, akasema yatosha. Alipewa haki ya kurudishiwa fedha na muuzaji. Muuzaji hakuwa na kitu. Mzee hakuwahi kunitolea neno baya, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Ndiyo maana kijana akiniuliza aanzie wapi, simwambii habari za vifungu. Vifungu utavipata kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na kanuni zake, umekaa na chai yako. Namwambia aanze kwa kuvaa viatu vinavyoweza kutembea, aende kwenye kiwanja.

Upekuzi unakuambia daftari linasema nini. Haukuambii nani analala ndani ya nyumba. Siku hizi sitayarishi mkataba wa nyumba au kiwanja Dar kabla sijafika pale mwenyewe, na huwa nachagua Jumamosi asubuhi, kwa sababu majirani wako nyumbani. Nakwenda na mpimaji kama kuna alama za mipaka za kuthibitisha. Nanunua maji kwenye genge la karibu, nasalimia, naeleza wazi kwamba mimi ni wakili na kuna mtu anataka kununua. Watu wa mtaani hawafichi. Mama wa gengeni Goba aliwahi kuniambia kwa sentensi moja jambo ambalo hati isingeniambia kamwe: "Huyo anayeuza ni mdogo mtu, marehemu ameacha watoto wanne." Tukauliza barua za usimamizi wa mirathi, hazikuwepo. Asiyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi hana uwezo wa kuuza mali ya marehemu, hata kama ameishi hapo tangu utoto na wajumbe wote wa mtaa wanamjua.

Na sehemu kubwa ya Dar haina hata hati ya kupekua. Kuna leseni za makazi, kuna barua za toleo ambazo watu bado wanaziita ofa, na kuna karatasi za mauziano zilizoandikwa kwa mkono zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Usizidharau karatasi hizi, maana familia nyingi zinaishi juu yake. Lakini mweleze mteja wako kwa lugha nyepesi kwamba muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba watu walikutana na kuuziana. Haumgeuzi asiye mmiliki kuwa mmiliki. Fuata mlolongo: aliyeuza alinunua kwa nani, na huyo naye alipata wapi. Ukifika mahali mlolongo umekatika, hapo ndipo kesi ya kesho ilipo. Kumbuka pia kwamba anayedai ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri. Aliyenyamaza miaka tisa bado anaweza kuja.

Nimewahi kuulizwa kwa nini napoteza Jumamosi zangu wakati wenzetu Uingereza wamegawana kazi: barista husimama mahakamani, solisita hukaa na mteja na kuandaa nyaraka. Tanzania Bara wakili ni mmoja. Anayeandika mkataba ndiye huyo huyo atakayevaa joho kuutetea, au, kama mimi, kupanda kizimbani kuuelezea. Mimi naona ni faida kubwa. Ukiandika kifungu cha mkataba huku ukimsikia kichwani Mheshimiwa Jaji akikuuliza maana yake, unaandika vizuri zaidi. Na tangu mwaka 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kumsainisha mama wa Mbagala mkataba asioelewa. Andika kwa Kiswahili. Msomee kwa sauti. Atakuuliza maswali, na baadhi ya maswali yake yatakulazimisha kurekebisha mkataba.

Upande wa biashara ugonjwa ni huo huo, ila umevaa nguo nyingine. Kariakoo watu hupeana mali ya mamilioni kwa neno la mdomo. Nauheshimu uaminifu ule, ndio uliolijenga soko. Lakini mteja anakuja kwako siku uaminifu umekwisha. Anakwambia "tulikuwa kama ndugu", ana ujumbe wa simu na daftari lenye mistari, na deni lina mwaka wa saba. Madai ya mkataba yana miaka sita. Inabidi umwambie mtu mzima, aliyekuja na mwanawe, kwamba amechelewa, isipokuwa kama mdaiwa alilipa sehemu ya deni au alilikiri kwa maandishi katika muda ule. Kwa hiyo jambo la kwanza naloomba ni simu yake, nisome mazungumzo yote tangu mwanzo. Mara mbili nimekuta mle ndani ungamo ambalo mteja mwenyewe hakujua kama lina thamani.

Fremu za Kariakoo zina jambo lake, kilemba. Mpangaji anampa mpangaji anayeondoka fedha nyingi ili ampishe, na mwenye jengo hayumo kwenye makubaliano. Baada ya miezi mitatu mwenye jengo anamwambia atoke. Kijana, usiandike hati ya kilemba bila mwenye jengo kuwa upande wa mkataba na kusaini. Akikataa kusaini, hilo ni jibu, na mteja alisikie kabla hajatoa hela.

Halafu kuna rehani. Watu wengi huja ofisini siku tangazo la mnada limeshabandikwa ukutani, mama analia, baba hasemi. Hapo unarudi nyuma hatua kwa hatua: je, mkopaji alipewa notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa? Ilimfikia nani, lini? Mwenzi aliridhia rehani, na ridhaa ile aliisaini nani, mbele ya kamishna gani wa viapo? Umeona tumerudi pale pale. Na ukiwa upande wa mkopeshaji, kama mkopaji ni kampuni, dhamana iandikishwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, ndani ya siku 42, maana ukichelewa unaweza kumwacha mteja wako bila kinga siku kampuni inapofilisika. Kazi hii haina mbwembwe, lakini inalinda fedha za watu.

Kuhusu fedha zako wewe nitasema kidogo. Usipokee asilimia kutoka kwa dalali. Ukishapokea, huwezi tena kumwambia mnunuzi "usinunue", na hilo ndilo neno ambalo mara nyingi amekuja kulinunua kwako bila kujua. Fedha ya mteja ikae kwenye akaunti ya wateja, isichanganyike na kodi ya ofisi hata kwa usiku mmoja. Na mwambie mteja ada yako mapema, iandike. Mwaka wa kwanza utakuwa mkavu, hasa kama umefungua ofisi yako mwenyewe. Nilikula sana chipsi kavu Posta mwaka ule, na nilikuwa na wateja wawili.

Kwa walio bado Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), nawaonea huruma ya kweli. Matokeo ya mwaka 2022, waliposhinda moja kwa moja wanafunzi 26 kati ya 633, yaliwatia wengi hofu, na wapo walioanza kuona kazi hii si yao. Mimi sikubaliani nao. Kama umerudia mtihani, rudia. Sijawahi kumsikia mteja akiuliza wakili wake alifaulu mara ya ngapi. Anachouliza, na ana haki ya kuuliza, ni kama jina lako limo kwenye orodha ya mawakili na leseni ya mwaka huu umelipia. Mfundishe kuangalia mwenyewe kwenye mfumo wa e-Wakili. Vishoka, yaani mawakili bandia, ni wengi mjini, na wanaoumizwa nao ni wale wale wasio na hela ya kupoteza.

Kitu kimoja ambacho nilitamani ningekuwa nacho mwaka ule wa pili ni mkubwa wa kumuuliza. Nilikuwa na ofisi, nina muhuri, nina aibu ya kuonekana sijui. Kama ningempigia wakili mmoja mzee na kumweleza kwamba dalali ndiye atakayemtambulisha mke, angenijibu kwa nusu dakika. Kwa hiyo tafuta mkubwa. Si lazima awe na ofisi ya vioo Samora, tafuta yule anayekwenda mwenyewe kwenye kiwanja. Mwombe umbebee mafaili mwaka mzima. Na ukikwama siku ya kusaini, wateja wameshakaa, kalamu zimeshatoka na roho haijatulia, toka nje ya chumba umpigie. Wateja watasubiri.

Yule mama wa Tabata bado anaishi kwenye nyumba yake. Nikipita barabara ile nampungia mkono, naye hujibu.