Kutoka darasa la fizikia hadi uhandisi wa mitambo

SWALI: Ndugu Mhariri, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Goma, sehemu ya hisabati na fizikia, na ninaomba nafasi ya kusomea uhandisi wa mitambo. Chuo kimojawapo kinataka barua ya ukurasa mmoja inayoeleza sababu zangu. Mara tatu nimeandika kwamba naipenda fizikia na kwamba alama zangu ni nzuri, na mara tatu mwalimu ameirudisha akisema haina kitu ndani. Shule yetu haina maabara. Niandike nini?
Binti wa Birere

JIBU: Binti yangu, mwalimu wako hakukosea, ingawa najua inavyouma kurudishiwa karatasi mara tatu. Atakayeisoma barua hiyo atakuwa na alama zako mezani. Asichoweza kukiona ni namna unavyofikiri unapokutana na chombo kinachofanya kazi. Basi mwonyeshe chombo kimoja tu, unachokijua kwa macho yako. Nawe unaishi katika mji ulioisimamishia sanamu chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, kwa hiyo ukosefu wa maabara usikuvunje moyo.

Simama kando ya barabara itokayo Kibumba, uitazame chukudu ikiteremka na magunia ya viazi. Magurudumu yake ni ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira ambacho mwenye chukudu hukikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Tuseme chukudu, mzigo na mtu wake vina tungamo la kilo 300 kwa jumla, na kwamba vimeshuka kimo cha mita 100. Kwa kanuni ya nishati ya kimo uliyokwisha kuikariri, zidisha 300 kwa 9.8, ambayo ni nguvu ya mvutano wa dunia kwa kila kilo, kisha kwa 100, upate jouli 294,000 za nishati. Ikiwa mwendo wa chini ni uleule wa juu, basi karibu nishati hiyo yote imegeuka joto katika breki, katika magurudumu na hewani. Joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita nzima ya maji hapa Goma, ambako, kwa kuwa tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi.

Hapo ndipo hesabu ya shule inapokomea, kwa sababu kwake chukudu ni nukta yenye tungamo: mpira hauchakai, mbao haipindi, ekseli haikatiki. Mhandisi huendelea kuuliza: sehemu gani ya joto hilo inaingia kwenye kile kipande cha mpira, kitastahimili miteremko mingapi, na ubao uwe na unene gani ili usipasuke gurudumu linapogonga jiwe la volkano? Maswali hayo ndiyo sababu yako ya kuomba nafasi, nami ningeyaweka katikati kabisa ya barua.

Lakini usiishie kutazama, pima. Tafuta ubao wa mita moja na kipande cha tairi, weka tofali juu ya mpira huo, kisha inua ncha moja ya ubao polepole mpaka mpira uanze kuteleza. Gawanya kimo cha ncha iliyoinuliwa kwa umbali wa chini uliopo kati ya ncha mbili. Jibu ni kizigeu cha msuguano tuli, yaani kipimo cha jinsi mpira unavyoung'ang'ania ubao kabla haujaanza kuteleza. Rudia mara 10 ubao ukiwa mkavu, na mara 10 ukiwa umelowa. Vipimo havitalingana, nawe usifute vile vinavyokuudhi: andika vyote, ueleze unadhani vimetofautiana kwa nini. Mtu anayekiri kosa la kipimo chake ana thamani kubwa katika karakana.

Sura nyingine za fizikia zitaje kwa sentensi moja: joto na gesi huelekea kwenye injini, na mizani ya kani huelekea kwenye uimara wa vifaa. Ndoto za utotoni ziache. Na hata kama barua yenyewe utaiandika kwa Kifaransa, fikiri kwanza kwa lugha unayotumia nyumbani, maana humo hutajificha nyuma ya maneno ya kitabu.

Kisha mrudishie mwalimu wako barua kwa mara ya nne, ukiwa umeambatanisha jedwali la vipimo vyako 20.