Shangazi, mdogo wangu anasema shetani alimpitia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni dada wa miaka 34, niko Mwanza, naomba jina langu lisitoke. Mwezi uliopita mtaani kwetu kuna kijana walisema kaiba simu, watu wakapiga kelele za mwizi, akapigwa halafu wakamchoma moto, akafa palepale. Mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mwenyewe tangu mama afariki, ndo aliyeenda dukani kuomba chupa tupu ya soda, akachomoa mpira wa petroli kwenye bodaboda yake akajaza. Kaniambia mwenyewe usiku huku analia, ila kila nikimuuliza ilikuwaje anasema dada shetani alinipitia. Siyo mtu mbaya Shangazi, anaswali, hana ugomvi na mtu. Kuna mama muuza vitumbua alikuwa anapiga kelele mwacheni jamani mwacheni, wakamsukuma pembeni. Hivi binadamu anachagua kweli kufanya ubaya au kuna kitu kinamuingia?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimelala nayo siku tatu na sitaki kukudanganya, mdogo wako alichagua. Yani mi ile chupa ndo imenishika. Angekuwa karusha ngumi moja kwa hasira ningekuambia labda, lakini huyu katoka kwenye vurugu mpaka dukani, kasimama dirishani, kaomba chupa, kangoja apewe, karudi kwenye pikipiki yake, kachomoa mpira, katulia hapo mpaka petroli iingie ya kutosha. Hapo kote angeweza kugeuka akaenda zake na wala hakuna ambaye angemuuliza. Shetani wa kupitia hakai muda wote huo.

Lakini sijasema kwamba alijiambia ngoja nifanye ubaya. Hakuna anayejiambia hivyo, watu wanautafutia jina lingine kwanza. Rwanda mwaka 1994 wauaji kutoka asubuhi kwenda kuua majirani zao walikuwa wanaita kwenda kazini, kazi kabisa, kama mtu anaenda shambani. Baadaye mahakama za gacaca, zile za wanakijiji wenyewe kuhukumu kesi za mauaji hayo, zikasikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 kati ya 2002 na 2012, na waliofika pale wengi walikuwa wakulima tu wa kawaida, wana wake na watoto na kanisani wanaenda, wakasema tuliamrishwa, tuliogopa. Na woga ulikuwepo kweli, aliyekataa naye aliweza kuuawa, hilo silipuuzi. Sasa huku kwetu jina lake ni kumpa mwizi fundisho. Ukishaliita hivyo mkono unakuwa mwepesi.

Ila wapo waliokuwa kwenye woga mkubwa kuliko wa mdogo wako na wakakataa, ndo maana mi siwezi kusema watu hatuna uchaguzi. Desemba 2015 al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa linaenda Mandera kule Kenya, abiria zaidi ya 60, wakataka Waislamu wakae huku na Wakristo kule. Na kila mtu mle ndani alijua maana yake, sababu mwaka mmoja tu nyuma basi lingine la Mandera lilitekwa hivyohivyo, wakatenganishwa, watu 28 wakauawa. Wanawake wa Kiislamu wakawapa wenzao wa Kikristo hijabu wajifunike, abiria wakagoma kugawanyika, wakawaambia wale wenye bunduki kama ni kuua tuueni wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo na Januari 2016 akafariki. Hao hawakuwa malaika, walikuwa abiria wamechoka na safari.

Na wewe mwanangu una ushahidi wako hapohapo mtaani, yule mama wa vitumbua. Kelele alizisikia zilezile, na yeye ni mmoja na wale ni kundi. Kwakweli naomba umtafute, umsalimie, maana sidhani kama tangu siku ile kuna aliyemwambia asante.

Kuhusu mdogo wako, kulia kwake kunanipa matumaini, mtu aliyepagawa hakumbuki chupa. Mtafutieni wakili kwanza halafu aende polisi naye, msimfiche kwa mjomba kijijini, maana sheria yetu aliyesaidia inamhesabu sawa na aliyetenda na kukimbia kutazidisha tu. Yule kijana naye ana mama yake sehemu, na huyo mama anastahili kujua. Itakuuma sana, we ndo ulimlea, nenda naye lakini, ukae naye kwenye benchi.

Kabla ya hapo kaa naye siku moja nyumbani mkiwa wawili. Akisema tena shetani alinipitia mkatize taratibu, mwambie mdogo wangu hebu nianzie pale dirishani dukani, ulivyokuwa unangoja chupa ulikuwa unawaza nini.